SOMO LA HISTORIA KWA WATU WAZIMA: KUTA NA MAKANISA YA MJI WA KALE WA LISBON

Kiongozi wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matano, kisha yasomwe kwa sauti na wote pamoja. Aliyekwisha kuyajua amngoje mwenziwe.

UKUTA WA MJI: ukuta mkubwa wa mawe uliouzunguka mji ili kuukinga.

BURUJI: mnara wa ngome au wa ukuta, ambamo askari walisimama kulinda na kupigana.

KUZINGIRA: kuuzunguka mji kwa jeshi ili watu wasitoke wala chakula kisiingie.

HATI: maandishi ya amri au ahadi, yenye sahihi au muhuri.

MAGOFU: majengo ya kale yaliyobomoka.

Mmekwisha soma? Basi tuanze.

MJI JUU YA KILIMA

Leo twaenda Ureno, nchi iliyo pembeni kabisa mwa Ulaya, upande wa magharibi. Mji wake mkuu ni Lisbon. Mji huo umejengwa juu ya vilima, kando ya mto mkubwa uitwao Tejo, karibu na mahali mto huo uingiapo katika Bahari ya Atlantiki.

Juu ya kilima kimoja ipo ngome. Chini ya ngome hiyo, katika mtelemko uendao mpaka mtoni, upo mtaa wa kale uitwao Alfama. Njia zake ni nyembamba na zapindapinda, na mahali pengi njia ni ngazi tupu. Mtu aliyepata kutembea katika Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa hatashangaa sana akifika huko.

Jina lenyewe Alfama ni la Kiarabu. Latoka katika neno al-hamma, maana yake chemchemi ya maji ya moto. Neno letu hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ni la ukoo huo huo. Lakini mtaa wa Ulaya umepataje jina la Kiarabu? Swali hilo ndilo mlango wa somo letu.

Nataka mshike jambo moja tangu sasa. Ukuta wa mji hutuonyesha adui aliyeogopwa. Hayo kila mtu ayajua. Lakini ukuta hutuonyesha na jambo la pili: ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenyeji akakaa ndani, na ni nani aliyewekwa nje. Tutazitazama kuta mbili na makanisa mawili ya Lisbon, na kila mara tutauliza: nani yu ndani, na nani yu nje?

UKUTA WA KWANZA

Zaidi ya miaka 2000 iliyopita mji huu ulitawaliwa na Warumi. Wao waliuita Olisipo, nao waliujengea ukuta. Baadaye, tangu mwaka 711, majeshi ya Waislamu yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini, yakazitwaa sehemu kubwa za nchi ambazo leo ni Hispania na Ureno. Kwa muda wa miaka zaidi ya 400 Lisbon ulikuwa mji wa Kiislamu. Jina lake kwa Kiarabu lilikuwa al-Ushbuna.

Watawala hao waliujenga upya ukuta wa mji, na mahali pengi waliuweka juu ya msingi wa Warumi. Ulianza ngomeni juu ya kilima, ukateremka mpaka karibu na mto, ukapanda tena. Eneo la ndani lilikuwa kama hekta 15. Ukitaka kupima kwa macho, fikiri viwanja ishirini vya mpira vilivyowekwa pamoja. Watu wa siku hizi wangesema ni mtaa mmoja tu, lakini wakati ule ndio uliokuwa mji wenye ukuta wote.

Wareno huuita ukuta huo Cerca Moura. Maana yake ni ukuta wa Wamouro, na Mouro ndilo jina walilowaita Waislamu. Vipande vyake vingali vipo hata leo. Mahali pengine nyumba zimeuegemea, na jiwe lililopangwa ili kuzuia jeshi limekuwa ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala. Lango moja liliitwa Portas do Sol, yaani Lango la Jua, kwa kuwa lilielekea mashariki. Lango halipo tena, lakini jina limebaki, na watu husimama hapo kuitazama Alfama na mto.

Sasa tuulize swali letu. Nani alikuwa ndani ya ukuta huo? Msidhani walikuwa Waislamu peke yao. Walikuwapo Wakristo pia, waliosema Kiarabu kama jirani zao, nao walikuwa na askofu wao. Jambo hilo mliweke moyoni, maana tutalirudia sasa hivi.

MWAKA 1147

Mfalme wa kwanza wa Ureno aliitwa Afonso Henriques. Nchi yake ilikuwa kaskazini, naye alikuwa akisogea kusini mwaka hata mwaka. Katika mwaka 1147 meli zipatazo 160 zilifika Ureno. Ndani yake walikuwamo wapiganaji wa Uingereza, Ujerumani na Flanders, waliokuwa safarini kwenda nchi za Mashariki katika vita vilivyoitwa Vita vya Msalaba. Mfalme alipatana nao. Wao wamsaidie kuutwaa mji wa Lisbon. Mji utakuwa wake, na mali iliyomo itakuwa yao.

Wakauzingira mji tangu mwanzo wa Julai. Waingereza walipiga kambi upande wa magharibi, Wajerumani na watu wa Flanders upande wa mashariki. Habari hizi twazipata hasa katika barua iliyoandikwa na kasisi aliyekuwa katika kambi ya Waingereza. Barua hiyo imehifadhiwa Cambridge, Uingereza.

Ukuta mnene wa mawe haubomolewi kwa upanga. Basi walifanya nini? Wale wa mashariki walichimba njia chini ya ukuta. Kila walipochimba, waliutegemeza ukuta kwa magogo usije ukawaangukia. Walipokwisha, waliijaza njia hiyo kuni, wakawasha moto. Magogo yaliteketea, na ukuta ukakosa kitu cha kuushikilia. Katikati ya Oktoba ukaanguka, kiasi cha futi 200. Wenyeji walikimbilia hapo wakaziba pengo kwa mbao, wakaendelea kupigana. Upande wa pili Waingereza walisukuma mnara mkubwa wa mbao mpaka karibu na ukuta. Na ndani ya mji njaa ilikuwa kali, maana karibu miezi minne ilikuwa imepita.

Mji ulijisalimisha mwishoni mwa Oktoba. Mapatano yalifanywa, lakini baadhi ya wapiganaji waliyavunja wakaingia kupora. Kasisi yule aandika kwamba walimwua hata askofu mzee wa mji. Likumbukeni lile neno nililowaambia mliweke moyoni. Askofu wa Kikristo, aliyeishi salama chini ya watawala wa Kiislamu, aliuawa na watu waliosema kwamba wamekuja kwa ajili ya msalaba. Wao hawakuuliza yeye ni nani. Walimkuta upande wa ndani wa ukuta, na hilo lilitosha kumhesabu adui. Kisha kwa siku kadhaa watu wa mji walionekana wakitoka kwa malango, msururu kwa msururu, wakiziacha nyumba zao.

Kuna hadithi moja mashuhuri juu ya vita hivyo. Yasemwa kwamba shujaa mmoja, Martim Moniz, alijitupa katika lango la ngome lisifungwe, akafa hapo, na wenziwe wakaingia juu ya mwili wake. Watoto wa Ureno huijua hadithi hiyo. Lakini kasisi aliyekuwapo, aliyeandika mambo mengi madogo madogo, hamtaji hata mara moja. Mwanafunzi wa historia hana haja ya kuitupa hadithi, lakini aiweke mahali pake, na ushuhuda auweke mahali pake.

KANISA KUU

Baada ya ushindi mfalme alimweka askofu mpya, Mwingereza jina lake Gilbert wa Hastings. Likaanza kujengwa kanisa kuu, mahali palipokuwa na msikiti mkuu. Wareno huliita Sé. Neno hilo latoka katika Kilatini, maana yake kiti, yaani kiti cha askofu.

Litazameni katika picha, kama darasa lenu linayo. Mbele lina minara miwili minene ya mraba. Juu ya kuta mna vipande vya mawe vilivyosimama kama meno, vile vile kama juu ya ngome, ambapo mpiga mishale hujificha nyuma yake. Madirisha ya chini ni madogo. Mgeni angeweza kudhani kwamba ni ngome. Waliolijenga walikuwa katika mji walioutwaa jana, na hawakuwa na hakika kwamba hautatwaliwa tena kesho. Hofu yao yasomeka katika mawe.

Nyuma ya kanisa upo ua wenye vibaraza vya matao, uliojengwa katika zama za Mfalme Dinis, miaka ya 1300 hivi. Tangu mwaka 1990 wataalamu wa mambo ya kale wamechimba katika ua huo. Wamekuta barabara ya Warumi, na juu yake kuta za zama za Waislamu, na juu ya hizo kazi ya Wakristo. Kila utawala uliweka jiwe lake juu ya jiwe la uliotangulia.

KANISA LA NJE

Kanisa la pili laitwa São Vicente de Fora, yaani Mtakatifu Visenti wa Nje. Nje ya nini? Nje ya ukuta. Mfalme alilianzisha mwaka 1147, mahali palipokuwa na kambi ya Wajerumani na watu wa Flanders, ambapo walizikwa wenzao waliokufa vitani. Kanisa hilo la kwanza halipo tena. Hili tulionalo, jeupe na kubwa, lilianza kujengwa mwaka 1582. Lakini jina la Nje halikubadilika.

Na wale Waislamu waliobaki, walikwenda wapi? Waliwekwa nje ya ukuta, chini ya kilima upande wa kaskazini. Mtaa wao uliitwa Mouraria. Mwaka 1170 mfalme yule yule aliwapa hati, wao na Waislamu wa miji mingine mitatu. Hati iliwaahidi kwamba hawatadhulumiwa, na kwamba watamchagua hakimu wao wenyewe. Nao walipaswa kulipa kodi, kuitunza mizabibu ya mfalme, na kumwuzia tini na mafuta yake.

Basi swali letu limepata jibu jipya. Waliokuwa nje sasa wamo ndani, na waliokuwa ndani sasa wako nje. Mawe ni yale yale, na malango ni yale yale. Walinzi ndio waliobadilika.

UKUTA WA PILI

Mji ulizidi kukua. Watu walijenga bondeni na kando ya mto, nje ya ukuta wa kale. Mwaka 1373 mfalme wa Castile, nchi jirani, alikuja na jeshi akazichoma nyumba hizo za nje. Mfalme Fernando wa Ureno akaamuru ujengwe ukuta mpya. Watu wa mji na wa mashamba ya jirani walitumikishwa kazi hiyo, na kwa muda wa miaka miwili tu, 1373 mpaka 1375, ilikwisha. Ukuta huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 5, na ulizunguka kama hekta 100. Mwandishi wa kale wa Ureno, Fernão Lopes, ahesabu buruji 77 na malango 38.

Ukuta huo mpya ulilizunguka hata lile kanisa la São Vicente. Kanisa likaingia ndani, jina likabaki nje. Hata leo Wareno huliita Kanisa la Nje, nalo limo ndani tangu karne ya 14.

Kazi ile haikuwa bure. Mwaka 1384 mfalme wa Castile aliuzingira tena mji wa Lisbon, tangu Mei mpaka Septemba. Ukuta ulisimama. Lakini ndani, Fernão Lopes asema, njaa ilizidi mpaka wakubwa wa mji wakaamua kuwatoa nje watu wasioweza kupigana, ili chakula kiwatoshe wengine. Walitolewa maskini, na wanawake wa mitaani, na Wayahudi. Adui mwanzoni aliwapokea, kisha akawarudisha kwenye ukuta. Mwishowe ugonjwa uliingia katika kambi ya Castile, jeshi likaondoka.

Ndugu wanafunzi, hapa ukuta watuambia neno gumu. Watu hao walikuwa wenyeji. Yawezekana wengine wao walibeba mawe ya ukuta ule kwa mikono yao. Siku ya shida walihesabiwa, na hesabu ikawaweka nje.

AMRI YA MWAKA 1496, NA BOMBA LA MAJI

Desemba 1496 Mfalme Manuel alitoa amri kwamba Wayahudi na Waislamu wote wa Ureno waondoke au wabatizwe. Hati ya mwaka 1170 ikawa karatasi tupu. Jina Mouraria lilibaki, lakini jumuiya ya Waislamu haikuwapo tena. Katika Alfama pia ipo njia iitwayo Rua da Judiaria, Njia ya Mtaa wa Wayahudi, nayo ni jina bila wenyewe. Miezi saba tu baada ya amri hiyo, Julai 1497, mfalme yule yule alimtuma Vasco da Gama baharini. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi. Wareno walipoyaona mavazi ya watu wa pwani yetu, na kusikia Kiarabu chao, waliwaita Mouros, jina lile lile la nyumbani kwao.

Chini ya ukuta wa kale, kando ya Alfama, lipo bomba la maji la zamani liitwalo Chafariz de El-Rei. Lilikuwa na midomo sita ya maji. Mwaka 1551 baraza la mji liliamuru nani ateke wapi: mdomo huu wa watumwa na watu Weusi na Wahindi, ule wa watumwa Waislamu wa merikebu, ule wa wanaume Weupe, ule wa wanawake Weusi, ule wa wanawake Weupe. Watu Weusi walikuwa wengi Lisbon wakati huo, wengi wao wakiwa watumwa walioletwa kutoka Afrika. Wote walikuwa ndani ya ukuta mkubwa. Ukuta wa kuwatenga ulihamia kwenye maji.

MAWE MAPYA YENYE SURA YA KALE

Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yalikuwa yamejaa watu na mishumaa. Tetemeko kubwa la nchi likaupiga mji. Baadaye likaja wimbi la bahari, na moto ukawaka siku nyingi. Sehemu ya bondeni iliangamia. Kanisa kuu liliharibika, na kuba la São Vicente lilianguka. Alfama haikuharibiwa kama bondeni, na kwa sababu hiyo twaweza kuziona njia zake za kale mpaka leo.

Lakini mwangalifu asidanganyike. Meno mengi ya mawe yanayoonekana leo juu ya ngome yaliwekwa katika miaka ya 1938 mpaka 1940. Utawala wa Salazar ulikuwa ukijiandaa kuadhimisha miaka 800 ya taifa, ukataka ngome ionekane kama ya zama za ushindi. Majengo ya baadaye yalibomolewa, na kuta zikainuliwa. Ni mawe ya kale pamoja na ya juzi. Kwa hiyo, kila unapouona ukuta wa kale, uliza mambo mawili: nani aliujenga, na nani aliujenga upya?

Leo Mouraria wanakaa watu wa nchi nyingi, kutoka Bangladesh, China, India na Afrika. Uwanja ulio karibu wenye maduka yao waitwa Martim Moniz, kwa jina la yule shujaa wa hadithi aliyekufa langoni. Waislamu nao wamo miongoni mwao, na hakuna lango la kuwafungia.

NENO MOJA LILILOBAKI KWETU

Wareno walileta pwani yetu maneno kama meza, bendera na leso. Lipo jingine, nalo lafaa kuwa la mwisho leo. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome kubwa Mombasa, Fort Jesus, na ndani yake lilikuwamo kanisa. Watu wa pwani waliiita ngome kwa jina la kanisa lile, wakitamka gereza. Wareno waliondolewa katika ngome hiyo mwaka 1698. Baadaye, tangu mwaka 1895 mpaka 1958, serikali ya Waingereza iliitumia kuwafungia watu. Hivyo neno lililoanza na maana ya kanisa likawa na maana tuijuayo wote.

Limeandikeni neno hilo katika daftari zenu: GEREZA. Wale wa Lisbon walijenga kanisa lenye sura ya ngome. Watu wa Mombasa, waliolitazama jengo kutoka nje ya ukuta, waliona kanisa na ngome kuwa kitu kimoja, wakakipa jina moja.

MASWALI YA KUJIBU

1. Jina Alfama lina maana gani, na ni la lugha gani?

2. Eleza jinsi ukuta ulivyoangushwa mwaka 1147.

3. Kwa nini kanisa la São Vicente laitwa la Nje, na jina hilo liliacha kuwa kweli lini?

4. Taja watu waliotolewa nje ya mji mwaka 1384. Wewe ungekuwa mkubwa wa mji siku hiyo, ungefanyaje? Zungumzeni darasani, kila mtu aseme neno lake.

5. Mtafuteni mzee mmoja awaonyeshe ukuta, boma au jengo la kale la mahali penu. Andikeni sentensi tatu: nani alilijenga, nani alikaa ndani, na nani alikaa nje.

Kwaherini, wanafunzi wetu, mpaka somo lijalo.